Madumu Kumi na Manne Nyumbani kwa Hadija

Ipo siku moja ya mwezi wa kumi na mbili ambayo naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ilikuwa harufu ya mafuta ya alizeti na udongo uliolowa, maana mvua ya kwanza ilikuwa imeshuka Misigiri, na mimi na dada Hadija tulikuwa tunaongoza mkokoteni wa punda kutoka ghalani kwangu kwenda nyumbani kwake. Kwenye mkokoteni tulikuwa tumepanga madumu kumi na manne ya mafuta, na juu yake tumefunika kwa magunia ya pumba. Mtu akituuliza tunapeleka nini, tunasema pumba za ng'ombe wa Hadija. Na tuliulizwa kweli, kwa sababu kwetu huwezi kupita na mkokoteni watu wakakuacha.

"Pumba za nani hizo?" akauliza mke wa Ntandu, akiwa ameinama shambani anapanda mahindi.

"Za ng'ombe," nikamjibu.

"Ng'ombe mmoja anakula gunia sita?"

"Ana mimba," akasema Hadija bila hata kucheka.

Ng'ombe hakuwa na mimba. Tulipofika kwenye kona tulishika matumbo kwa kicheko, mpaka punda akasimama kutungoja. Nilicheka sana siku ile, mwanangu, na ndiyo sababu naikumbuka vizuri hivi. Kila mwaka unapokaribia kwisha nawaona ninyi vijana wenye maduka na mashine zenu mnaanza kukimbia huku na huku. Mmoja anahamishia mabati kwa shemeji, mwingine anatafuta risiti chini ya kitanda, kwa kuwa watu wa kodi wako njiani. Huwa nasema moyoni, hawa ni mimi.

Basi nikueleze kwanza ilivyokuwa. Biashara ilikuwa ndiyo imefunguliwa. Kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni kwenye duka la ushirika kwa kipande cha sabuni, na mtu akikutwa njiani na gunia la mahindi anaulizwa kibali. Halafu tukaambiwa ruksa, kila mtu auze alichonacho. Mume wangu Zakayo, ambaye alikuwa akichimba visima vya maji huko Manyoni na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, akaja na mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Ilikuwa chuma kizito chenye mkono mrefu wa mti. Ili mafuta yatoke lazima watu wawili mning'inie kwenye ule mkono, mshuke, mpande, mshuke, mpande, mpaka kwapa zinawaka moto.

Mtu wa kwanza kuning'inia pamoja na mimi alikuwa Hadija. Alikuwa jirani yangu, amenizidi miaka kama kumi, mjane. Mumewe Rashidi alikufa kwa homa wakati wanahamia Misigiri. Watoto wake wawili walikuwa wameolewa mbali, upande wa Tabora, na alichobaki nacho ni nyumba ya matofali mabichi na ng'ombe mmoja mwenye mabaka aliyemwita Shukuru. Maziwa ya Shukuru ndiyo yalikuwa chumvi yake, sabuni yake na mafuta yake ya taa. Yeye ni Mwislamu na mimi Mlutheri, na sikumbuki hata siku moja jambo hilo kutuletea shida, isipokuwa Krismasi moja alipopika pilau tamu kuliko yangu na wageni wangu wote wakahamia kwake.

Nilikuwa nanunua alizeti kwa debe kutoka kwa wakulima wa Ulemo na vijiji vya jirani. Nakamua, nachuja kwa kitambaa, nauza mafuta kwa madereva wa malori wanaosimama njia panda. Mashudu yanayobaki nauza kwa wafugaji. Daftari sikuwa nalo. Nilisoma darasa la pili tu, nikaondolewa nikalee wadogo zangu, lakini jina la mtu likiniingia kichwani halitoki. Hata leo ukiniuliza nani aliniuzia alizeti mwaka ule nitakutajia wote. Yohana Mkumbo, yule anayechechemea, debe tano. Mama Sara Gunda, debe tatu na nusu, na ile nusu tuligombana. Niliona mtu mwenye kichwa kama changu hana haja ya karatasi.

Hadija yeye alikwenda shule ya ngumbaru, ile ya watu wazima kujifunza kusoma na kuandika. Alikuwa akitoka kukamua ng'ombe anachomeka penseli kwenye kilemba na kwenda. Nilikuwa namtania.

"Dada, mwisho utakuwa karani wa nani? Wa Shukuru?"

"Shukuru ana mambo mengi ya kuandikwa kuliko wewe," ananijibu. "Yeye anatoa maziwa kila siku."

Sasa, kwenye biashara ya mafuta, mwezi wa kumi na mbili ndio wenye subira wanashikilia mzigo wao. Alizeti imekwisha kwa wakulima, kila mtu yuko shambani anapanda, na bei inapanda taratibu mpaka karibu na mavuno mapya. Mimi mwaka ule nilikuwa na madumu ishirini na mawili. Lakini mwezi wa kwanza ndio mtu wa kodi anapita. Mwenye daftari anasomewa daftari lake. Asiye na daftari anaangaliwa ghala kwa macho, na kinachoonekana ndicho kinachoandikwa. Wenzangu wa njia panda walikuwa wananiambia, Mama Eliya, jiandae mapema. Na kujiandaa kwao maana yake ilikuwa moja tu, ghala lionekane tupu.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Sisi watu wa Iramba tangu zamani tunawekeana vitu. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Wawili anaweka kwa rafiki huku, watatu kwa mkwe kule, ili ugonjwa ukiingia au wezi wakija asibaki mikono mitupu. Na yule anayewekewa ana sharti lake. Akiulizwa na mtu baki ng'ombe hawa ni wa nani, anasema ni wangu. Hasemi ni wa fulani. Kumtaja mwenye mali ni kama kumvua nguo barabarani. Mtu aliyetaja hawekewi tena kitu na mtu yeyote mpaka anazeeka.

Kwa hiyo nilipomwambia Hadija nataka kuweka madumu kumi na manne kwake mpaka mwezi wa pili, hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Lete, nitayapanga ndani, nyuma ya kihenge cha nafaka." Nami sikufikiria zaidi ya hapo.

Mwezi wa kwanza akaja mtu wa kodi, Bwana Mgeta. Alikuwa kijana mrefu, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi kwa sababu alitembea kwa miguu nyumba kwa nyumba pamoja na mzee Kitundu, balozi wetu wa nyumba kumi. Walianzia kwangu. Bwana Mgeta akatazama madumu yangu manane, kisha akatazama sakafu. Sakafu ya udongo ina macho, mwanangu. Dumu likikaa miezi mitatu linaacha alama ya pembe nne, na pale chini zilikuwa alama nyingi kuliko madumu. Akaandika manane, akanishukuru, akatoka.

Alitoka akifuata njia ya mkokoteni. Ile mvua iliyotuchekesha ilikuwa imelainisha ardhi, kisha ikakatika na jua likaikausha, alama za magurudumu yetu zimebaki pale kama mtu aliyezichora. Alizifuata mpaka kwa Hadija. Nami nikamfuata kwa mbali, nikasimama nyuma ya ua wa minyaa, mahali ninapoweza kusikia bila kuonekana vizuri.

Hadija alikuwa amechuchumaa mlangoni anasafisha kibuyu cha maziwa. Mlango uko wazi. Yule kijana akasalimia vizuri, shikamoo mama, akaomba kuingia. Alipotoka akauliza, "Mama, yale mafuta nyuma ya kihenge ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yote?"

"Yote."

"Una mashine?"

"Nakamulisha kwa watu."

"Leseni ya biashara unayo?"

"Sina, baba."

Mzee Kitundu alijua. Misigiri nzima ilijua Hadija hana hata debe moja la alizeti. Mzee akakohoa, akaanza kuangalia vidole vya miguu yake, kwa kuwa na yeye ni mtu wa Iramba na desturi ilimfunga mdomo. Bwana Mgeta akafungua daftari.

"Jina lako, mama?"

"Hadija Juma Msuta."

Nilisikia kalamu inakwaruza. Kati yangu na wao palikuwa na hatua kama kumi na tano. Ningesema neno moja tu lingetosha. Hadija hakugeuka hata mara moja upande wa minyaa, ingawa alijua nipo, maana alikuwa ameshakiona kitenge changu. Nilisimama pale nikajiambia, huyu ni mjane maskini, watamwandikia kidogo, nitamrudishia. Nikajisifu kabisa moyoni kwamba nimelipanga vizuri. Angalia moyo wa mtu unavyoweza kufanya hesabu haraka ukiwa na hofu.

Barua ilikuja baada ya siku chache. Hadija aliisoma mwenyewe, herufi moja moja, hakumpelekea mtu. Na hakuja kuniambia.

Nilimkuta njiani asubuhi, amevaa nguo yake ya kwenda mbali, anamwongoza Shukuru kwa kamba kuelekea mnadani.

"Unakwenda wapi na ng'ombe?"

"Kumtembeza."

"Dada."

Akasimama. Shukuru naye akasimama, akaanza kula majani ya pembeni. "Wameandika kodi na faini ya leseni," akasema. "Nimeulizia bei ya ng'ombe. Inafika. Kuna kidogo kitabaki cha chumvi."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Nije nikwambie nini? Nilisema ni yangu."

Alilisema bila hasira. Laiti angenitukana, mwanangu, ningepata la kujibu. Nikamshika mkono, nikamwambia rudi, usimuuze Shukuru, hiyo hela yote nitaitoa mimi, utakwenda kulipa na hakuna atakayejua. Akageuza ng'ombe. Nafikiri alirudi kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yake.

Nikaenda nyumbani nimepumua. Na nikueleze ukweli wote, maana sina cha kuficha katika umri huu. Njiani niliona hata nimepata faida. Kodi ile ya Hadija, hata na faini yake, ilikuwa ndogo kuliko ambayo ningeandikiwa mimi kama yale madumu kumi na manne yangekutwa kwangu pamoja na mashine. Nilifika natabasamu.

Mama mkwe wangu, Bibi Rebeka, alikuwa amekaa uani anachambua kunde. Alikuwa mfupi, mnyamavu, na ukimwona anachambua kunde usimkaribie na uongo. Nikamweleza yote kama mtu anayeeleza habari njema. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Utamlipia lini?"

"Jumatatu, mama."

"Na jina lake utalitoaje?"

Sikuelewa. Akaweka ungo chini.

"Mwakani yule kijana atarudi na daftari lake. Atasoma Hadija Juma, mfanyabiashara wa mafuta. Atakwenda kwake, atakuta ng'ombe na kinyesi. Atasema huyu mama ameficha mali. Hapo Hadija atajibu nini? Na mwaka unaofuata? Wewe utakuwa unamlipia mpaka lini, au mpaka ufe, halafu abaki peke yake na jina ulilomwandikisha?"

"Lakini mama, ni desturi yetu. Watu wote wanawekeana."

"Nani amekufundisha desturi nusu?" akaniuliza. Alikuwa bado hajapandisha sauti. "Ukiweka ng'ombe kwa mwenzako, mwenzako anakunywa maziwa. Anapata samadi ya shamba lake. Ng'ombe akizaa ndama wa pili au wa tatu, mwenzako anapewa mmoja. Ndiyo maana anasema ni wangu, na kweli kidogo ni wake. Sasa niambie, Hadija amekunywa nini kwenye madumu yako?"

Nikakaa chini nikachambua naye zile kunde, na machozi yananidondoka kwenye ungo. Hakunikataza kulia. Alichosema ni kwamba nisogee pembeni kidogo, kunde zisilowe.

Jumatatu hatukwenda kulipa. Tulipanda lori mimi na Hadija mpaka Kiomboi, ofisi ya kodi. Njia nzima Hadija alikuwa ananisihi. "Mama Eliya, acha tu. Nitaonekana mwongo mbele ya serikali." Nikamwambia mwongo ni mimi, wewe ulikuwa umeshika mlango tu.

Bwana Mgeta alitukumbuka. Nikamsalimia, nikasema moja kwa moja kabla ujasiri haujaisha, "Baba, yale mafuta ya nyuma ya kihenge ni yangu. Huyu dada hana hata tone. Niandike mimi, yeye mtoe."

Akamgeukia Hadija. "Si ulisema ni yako?"

"Nilisema," akajibu Hadija.

"Ulinidanganya."

"Nilikuwa nimewekewa."

Kijana yule alikuwa mtu wa kwingine, hakujua mambo yetu. Mzee mmoja aliyekuwa mezani pale, mtu wa huku, akamweleza kwa upole maana ya kuwekewa. Bwana Mgeta akakuna kichwa. Akaniuliza basi nina daftari gani kuonyesha nilinunua wapi na nimeuza wapi. Nikamwambia ninalo kichwani. Nikaanza. Yohana Mkumbo wa Ulemo, debe tano, mwezi wa saba. Mama Sara Gunda, debe tatu na nusu. Mathayo Shila na mdogo wake Petro, debe nane, walizileta kwa punda. Nilifika jina la kumi na moja akaninyooshea mkono.

"Mama, nakuamini. Lakini siwezi kuweka kichwa chako kwenye faili. Nikikuandikia kwa macho nitakuandikia alama zote za sakafu yako, na utaumia. Nakupa wiki mbili. Kaandike kila ulichonunua, ulichouza na ulichotumia. Kisha mrudi wote wawili."

Naambiwa wapo watu wa kodi wakali, na nimewaona baadhi kwa macho yangu. Huyu alinitendea utu, na sitaki kumsahau.

Nani wa kuandika? Zakayo yuko visimani Manyoni. Mimi najua kuandika jina langu tu, na hilo nalo linapinda. Tulipokuwa tunangoja lori la kurudi, Hadija akanunua daftari la shule kwa hela yake ya maziwa. "Utataja," akasema, "mimi nitaandika. Ila usitaje haraka kama ulivyofanya mle ndani, mkono wangu si mashine."

Tulikaa kwenye mkeka wake siku tisa, kila siku baada ya kazi za shamba. Nilitaja, akaandika. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimesimama wima kama watu wanaosubiri kusalimiwa. Nikijichanganya ananirudisha. "Huyu Petro ulishamtaja na kaka yake, unataka alipwe mara mbili?" Na ni yeye aliyeanza kuniuliza mambo ambayo sikujua kwamba ni ya kuandikwa. Magunia ulinunua? Mafundi waliotengeneza mkono wa mashine ulipovunjika uliwapa nini? Nauli ya punda? Kila alipouliza, naona kumbe hela yangu nyingi haikuwa faida, ilikuwa imepita mikononi tu.

"Na kitambaa cha kuchujia?"

"Kile ni kitenge changu kilichoraruka."

"Basi hicho tukinyamazie," akasema. "Wasije wakataka na kukiona."

Siku ya nane tukafika kwa waliofanya kazi ya kuning'inia kwenye mashine. Nikawataja na nilichowalipa. Eva mke wa Daudi, siku kumi na mbili. Bahati Mpinga, siku ishirini. Asha wa njia panda, siku tisa, aliacha alipojifungua. Nikamaliza, nikasema tuendelee na mashudu. Hadija hakuandika mashudu. Alikaa na kalamu yake juu ya karatasi, akatazama nje, akashusha macho, akasema, "Haya, mashudu. Gunia ngapi?"

Nikaanza kutaja gunia nikashindwa. Mimi mwenye kichwa kisichosahau jina, nilikuwa nimepitia msimu mzima, watu wote wa Ulemo na Misigiri, na jina moja halikuwemo. Hadija alining'inia nami tangu dumu la kwanza. Siku hata hazihesabiki. Nilikuwa nikimpa mashudu kidogo ya ng'ombe na kumwambia asante dada, na kwa kuwa ni dada, sikuwahi kufikiria kwamba mikono yake ilikuwa inauma kama ya Bahati.

"Andika Hadija Juma," nikamwambia.

"Niandike nini?"

"Andika siku zote. Andika hajalipwa."

"Siandiki uongo. Ulinipa mashudu."

"Basi andika mashudu, halafu chini yake andika iliyobaki."

Hakuandika mara moja. Alichukua pembe ya khanga akajifuta uso, akasema macho yake yameanza kuchoka na herufi. Mimi nikaangalia pembeni ili amalize. Kisha akaandika, polepole kuliko majina mengine yote. Nilipomwomba anisomee alichoandika, akanisomea, na siku alizoandika zilikuwa chache kuliko za kweli. Tukabishana mpaka akaongeza.

Tulirudi Kiomboi na lile daftari. Bwana Mgeta alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali, Hadija akajibu yeye. Kisha akachukua rula na kalamu nyekundu, akafungua daftari lake kubwa, akapiga mstari juu ya jina la Hadija Juma Msuta, akasaini pembeni. Mimi akaniandikia kodi yangu na faini ya kuficha. Niliuza madumu mengi kabla bei haijapanda ili kulipa, na msimu ule sikupata mabati ya kuezekea niliyoyatamani. Lakini haikuwa ile niliyoiogopa, kwa sababu gharama zote zilionekana kwenye karatasi. Hadija nikamlipa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza alinunua ndama. Aliniambia Shukuru amechoka kusingiziwa mimba.

Kuanzia hapo, wiki ya mwisho ya kila mwaka tulikuwa na kazi yetu kwenye mkeka. Macho ya Hadija yalipopungua kweli, akawa yeye ndiye anayekaa pembeni na mimi ndiye ninayeandika, ananifundisha kwa kunishika mkono. Ametutoka sasa, na mashine nimeshamwachia mwanangu Eliya. Haya unayoyasoma nimeyaandika kwa mkono huu, ukiona herufi zimesimama wima ujue zinatoka wapi.

Sasa nikwambie ninachotaka ubaki nacho, mwanangu.

Maandalizi ya kodi hayaanzi mtu wa kodi anapobisha hodi, wala hayaanzi mwezi wa kumi na mbili. Yanaanza siku uliyonunua debe la kwanza. Andika siku hiyo hiyo, hata kwa penseli, hata kama jina unalikumbuka, maana kichwa chako hakuna mtu mwingine anayeweza kukifungua akasoma. Risiti weka kwenye kopo moja lenye mfuniko, panya wa kwetu hawajui thamani yake. Mwisho wa mwaka ukifika funga duka siku moja au mbili, hesabu mali yako mlango ukiwa wazi, mchana, mtu akipita akuone. Ukipata shida ya kulipa nenda ofisini mapema ukaseme, kabla hawajakufuata kwa njia ya gurudumu. Wapo watakaokukaripia. Atakuwepo pia wa kukusikiliza.

Na mzigo wako usiuweke kwenye jina la mtu mwingine. Hasa mtu anayekupenda, kwa sababu huyo hatakataa. Atasema ni wangu, atauza ng'ombe wake, na hatakugeukia hata kukutazama. Kila unapofunga hesabu za mwaka, kabla hujajumlisha, simamisha kalamu kwanza ujiulize ni nani aliyekuning'inilia mashine na hayumo kwenye karatasi. Mara nyingi ni mke, ni mama, ni jirani, ni yule unayemwita dada. Mwandike. Mlipe. Akikataa, bishana naye.

Mungu akujalie mwaka unaokuja ukute mikono yako ina kazi na jina lako halina doa. Akupe watu wa kweli wa kukaa nao mkeka mmoja, na akupe moyo wa kuwaona wakiwa bado hai. Ulale salama usiku wa kufunga mwaka, na asubuhi yake, atakayebisha hodi kwako awe nani, umfungulie bila kuhema.